Masikio Yake Yalikuwa Miguuni

Udongo mbichi ukinukia baada ya mvua ya kwanza, mgongo wangu huanza kuuma kabla pua haijamaliza kunusa. Ni harufu ya ndiva, lile bwawa la maji ya mashamba kule kwetu milimani juu ya Same, enzi za Mwingereza. Likivuja, tunaitwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, tunakanyaga udongo wa kuliziba mpaka magoti yanagoma.

Lakini uchovu ninaousema si wa udongo. Ni wa mdogo wangu Namkunda. Jamani, mtoto yule! Benchi lilimwasha kama upupu. Mwalimu akigeukia ubao, yeye yuko dirishani. Akigeuka tena, yuko nje anafukuza kuku wa misheni. Fimbo zilimchapa mpaka zenyewe zikachoka. Mama akaniagiza, "Kaa naye. Mshike." Basi nikakaa naye benchi moja darasani, pindo la gauni lake nimelikunja ndani ya ngumi, asubuhi mpaka kengele. Vidole vikafa ganzi.

Mwisho mwalimu akasema: siku ya mtihani wa kupanda darasa, asiposema hesabu za kuzidisha bila kukosea, asirudi tena.

Wiki hiyo hiyo ndiva ikavuja. Tunakanyaga, mara namsikia Namkunda: mbili mara mbili nne, mbili mara tatu sita, miguu inapiga tope chwa, chwa, na hesabu zinamtoka kama maji. Mama akaegemea jembe lake.

"Kumbe huyu masikio yake yako miguuni," akasema.

Tangu hapo kila jioni ilikuwa kumkanyagisha uani. Mama katoka shamba hajiwezi, mimi mtungi wa maji umenivunja shingo, na bado tunaimba hesabu na yule kichaa wetu.

Siku ikafika. Mwalimu akamwita mbele. "Simama wima. Tulia kama mti."

Namkunda akawa mti kweli. Hesabu zikagoma.

"Leo kafungwa breki!" mmoja akanong'ona, darasa likacheka.

Nikajikuta nimesimama. "Mwalimu, mwachie miguu!"

"Wewe umeulizwa na nani?"

"Mama amesema masikio yake yako miguuni."

Walicheka mpaka benchi zikalia. Mwalimu akauma mdomo. "Haya, kanyaga tuone."

Akakanyaga. Vumbi likapanda, hesabu zikamwagika, ikabidi mwalimu mwenyewe apaze sauti: "Basi, basi, utatubomolea shule!"

Kisha nikaitwa mimi, nisome kitabu. Nikasoma mstari mmoja, nikakwama; nikaanguka mtihani. Siku zote zile nilikuwa nasikiliza pindo la gauni.

Jioni mama aliuliza moja tu. "Namkunda amepita?"

"Amepita."

Akakaa chini, akanyoosha miguu, akafumba macho. "Ahsante, mwanangu. Kesho tutakwenda mimi na wewe kukata majani ya ng'ombe."

Shule yangu ikaishia hapo. Namkunda akaja kuwa mwalimu, na darasa lake lilikuwa na kelele kuliko gulio.

Nilidhani mama hakuuliza habari zangu kwa sababu ya kuchoka. Nimezaa, nimelea, nimelea na wajukuu, ndipo nikaelewa: hakuwahi kunituma kusoma. Alinituma kazini. Na kazi ile, wanangu, niliimaliza.