Kikao cha Ukoo Kuhusu Kiuno Changu

Niliwahi kuitwa kwenye kikao cha ukoo, na ajenda ilikuwa moja tu. Kiuno changu.

Sitanii. Watu wazima na miwani yao waliacha shughuli zao Jumapili mchana, wakajipanga kwenye makochi, wakajadili nyonga za mwanamke wa makamo kama vile wanajadili mpaka wa shamba.

Na kikao chenyewe kiliishia mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyetarajia. Hata mimi.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni mchoraji, lakini si wa picha za kutundika ukutani. Nachora maua ya mapazia kwenye kiwanda cha vitambaa. Yale maua unayoyakodolea macho ukiwa umelala na homa, kuna mtu alikaa akayachora. Ndiyo kazi yangu.

Mwaka ule kichwa kiligoma.

Kila nikishika penseli, waridi. Waridi kubwa, waridi dogo, waridi lililolala ubavu. Meneja wangu, mtu ambaye hajawahi kuchora hata kijiti, akaja akasimama nyuma yangu, akavuta chai yake kwa sauti, akasema maua yangu yanafanana na mapazia ya wodini. Akaongeza kwamba kama sina kipya kufikia msimu ujao, meza yangu itapewa mtu mwingine.

Akaondoka. Chai yake ikabaki imedondokea karatasi yangu, na huo ndio mchango pekee aliowahi kutoa kwenye ubunifu wa kiwanda kile.

Rafiki yangu msusi ndiye aliyenipeleka kwenye densi ya tumbo.

Ile ya kuzungusha nyonga na kutikisa tumbo, ndiyo. Aliniambia naonekana kama mtu aliyekaushwa na pasi, nikatikisike kidogo. Nilimcheka. Jumamosi iliyofuata nikaenda, maana nyumbani nako kulikuwa na karatasi tupu inanisubiri.

Chumba kilikuwa juu ya duka la matairi. Mpira ulinuka mpaka kwenye nywele. Kioo walikinunua kutoka duka la viatu lililofungwa, kikiwa bado na maandishi chini: "Jaribu kabla ya kununua."

Mwalimu alikuwa mama mnene, mwenye nywele nyekundu za dukani, ambaye kazi yake nyingine ni kuuza bima. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu ndiye atanifundisha nini.

Akawasha muziki.

Jamani.

Yule mama alisimama pale kama nguzo, mabega yametulia, uso umetulia, halafu nyonga zake zikaanza maisha yao wenyewe. Vibati vya kwenye kitambaa chake cha kiunoni vilikuwa vinalia, na juu ya kitovu hakuna kilichosogea.

"Kifua kibaki," akatuambia. "Kiuno kiondoke."

Mimi vyote viliondoka pamoja. Nilikuwa kama friji linalohamishwa ngazini.

Lakini nilirudi, na nikarudi tena. Siku moja nikiwa mbele ya kile kioo, kiuno changu kikachora duara peke yake, mwili mwingine umekaa kimya, na mimi nikaliona lile duara. Namaanisha nililiona, hewani, kama mstari.

Nilienda nyumbani sikuvua hata viatu. Nikachora.

Mstari mmoja unatembea, wa jirani umesimama. Duara linaanza, linaachia njiani, linadakwa na jingine. Rangi ya machungwa juu ya kijani kibichi. Hakukuwa na waridi hata moja.

Meneja alipouona mchoro ule aliuliza nimetumia kompyuta gani. Nikamwambia kompyuta iko chini kidogo ya mbavu. Hakuelewa, na sikutegemea aelewe. Mchoro ukapita, kikafumwa kipande cha majaribio. Nikapewa kipande hicho, sehemu yake nikaishonea vibati, nikawa najifunga kiunoni kila Jumamosi. Mabaki nikashonea mto mmoja wa kochi nyumbani kwangu. Dunia nzima kitambaa kile kilikuwa kwangu tu.

Sasa nikutambulishe kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu.

Sisi tunamwita Mwenyekiti. Ni mwenyekiti wa kamati ya maegesho mtaani kwao, mwenyekiti wa waliosoma naye, mwenyekiti wa kila msiba hata kama marehemu hakumpenda. Hukohoa kabla ya kuongea. Akisema "kwa kifupi", tafuta mto, ulale. Mke wake akimwita mezani hujibu kwamba hoja imepokelewa.

Mke wake mimi namwita Dada. Mwanamke mpole, mwenye maneno ya kuhesabika. Aliwahi kuanguka kutoka kwenye ngazi akitundika mapazia, mkono wa kushoto ukavunjika, na tangu siku ile haunyooki mpaka juu. Ukifika usawa wa sikio, unagoma. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Mwenyekiti alikuwa kikaoni.

Huyu Dada alikuja kwangu siku moja, akaona kitambaa changu cha vibati kwenye kamba ya nguo, akakishika muda mrefu. Akaniomba nimwazime kwa siku chache, eti amwonyeshe fundi amtafutie rangi zile kwa ajili ya mito. Nikampa. Hata sikuwaza mara mbili.

Mume wangu alijua nacheza. Ni fundi wa mafriji, mtu asiye na makelele. Nilipomwambia mara ya kwanza alisema kama nafurahi yeye hana neno. Nikajivunia kuwa na mwanaume wa namna hiyo. Nilijivunia sana tu.

Basi, Alhamisi moja Mwenyekiti akanipigia simu. Akakohoa. Akasema Jumapili saa nane nifike nyumbani kwa mama mkwe, kuna jambo linagusa heshima ya ukoo. Nikamuuliza jambo gani. Akasema litawasilishwa.

Litawasilishwa. Mtu anaongea na mke wa mdogo wake.

Jumapili tukaenda. Mama mkwe kwenye kiti chake karibu na dirisha. Wifi yangu, dada yao wa mwisho, kajipaka wanja kama anaenda harusini. Mume wangu akakaa pembeni yangu. Dada alikuwa jikoni anaandaa chai, maana nyumba ile hata ukija kuhukumiwa, wa kuchemsha maji ni yeye.

Mwenyekiti akasimama. Akakohoa. Akasema kwa kifupi. Kisha akahutubia kuhusu marehemu baba yao, kuhusu majina mema, kuhusu wanawake wa siku hizi, mpaka mama mkwe akasinzia na kuamka. Mwishoni akatoa simu.

Kumbe mwalimu wetu wa densi alikuwa na darasa jingine katikati ya wiki, mchana, na mwanafunzi wake mmoja, bi harusi mtarajiwa asiye na akili nyingi, alirekodi wenzake akarusha mtandaoni. Ikazunguka. Ikamfikia Mwenyekiti, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Akaiweka simu juu ya meza, ikaegemea bakuli la sukari. Akabonyeza.

Mwanamke mmoja, mgongo kwa kamera, mtandio umefunika nywele na nusu ya uso, anacheza. Na anacheza vizuri. Kiunoni, rangi ya machungwa juu ya kijani kibichi.

Wifi akavuta pumzi. Mwenyekiti akasema kitambaa hicho wote tunakijua, mto wake uko kwenye kochi la mdogo wake. Akairudia video ili kikao kijiridhishe. Akairudia tena. Kila akiirudia anasogea karibu zaidi na simu, miwani imeshuka puani. Kwa mtu aliyechukizwa, alikuwa na subira ya ajabu.

Mimi nilikuwa nimeganda, lakini si kwa aibu.

Yule mwanamke hakuwa mimi.

Mimi sijawahi kukanyaga darasa la katikati ya wiki, nakuwa kazini. Nikatazama vizuri. Alipoinua mikono, wa kulia ulipanda wote. Wa kushoto ulifika usawa wa sikio, ukasimama.

Nikageuza shingo. Dada alikuwa mlangoni na sinia, vikombe vinagongana.

Hapo nikaelewa, na nikaingia kwenye mtego. Nikisema si mimi, swali linalofuata ni nani. Na yule mwanamke angerudi na mumewe nyumba moja jioni ile.

Nikafunga mdomo.

Mwenyekiti akaniuliza kama nakana. Nikamjibu kwamba kitambaa ni changu. Akafurahi kama mtu aliyepata cheo kipya. Wifi akasema alijua tu, tangu nianze kutembea nimenyoosha mgongo. Mwenyekiti akaanza kusoma maazimio: niache densi, niwaombe radhi wakubwa, na mume wangu aende kiwandani kunitolea barua ya kuacha kazi, kwa sababu kazi ya kuchora ndiyo iliyonitia upuuzi kichwani.

Kazi yangu. Mtu ambaye mapazia ya nyumba yake yote nimeyachora mimi.

Nikamtazama mume wangu. Aseme neno, hata la uongo. Alikuwa anachunguza kamba za viatu vyake.

Ndipo sinia likawekwa chini.

"Huyo si yeye," Dada akasema. "Huyo ni mimi."

Unajua Mwenyekiti alifanya nini? Alitabasamu. Akawageukia wenzake akasema mke wake ana huruma iliyopitiliza, atakuwa tayari kubeba msalaba wa kila mtu, na kikao kisimsikilize.

Hakumwamini. Mwanamke anakiri mbele yake, yeye anampongeza kwa huruma.

"Irudie," Dada akamwambia.

Akaenda akasimama katikati ya zulia, akatugeuzia mgongo. Kwenye simu muziki ukaanza. Yule wa kwenye simu akainua mikono, na Dada akainua yake. Kulia juu kabisa. Kushoto, usawa wa sikio, ukagoma. Wa kwenye simu na wa Dada, pamoja.



Mama mkwe ndiye aliyeongea kwanza, na hakupaza sauti. "Mwanangu, hii umeitazama wiki nzima. Mkeo hukumwona?"

Mwenyekiti akasema taa za chumba kile hazikuwa nzuri.

Wifi akacheka, akajifanya anakohoa, ikashindikana, akatoka nje.

Dada hakulia wala hakuomba radhi. Alimwambia mumewe kwamba daktari alimtaka autumie mkono, kwamba msusi wetu alimwelekeza kwa mwalimu yule, na kwamba alimweleza yote hayo kwenye kifungua kinywa. "Ulisema hoja imepokelewa," akamalizia. Kisha akamimina chai. Alianza na mimi.

Mwenyekiti alikaa. Mara ya kwanza maishani namwona akikaa bila kufunga kikao.

Ungedhani hadithi inaishia hapo. Mimi pia nilidhani.

Tukiwa kwenye gari, mimi bado nacheka peke yangu, mume wangu akaniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba yeye alijua tangu mwanzo kuwa si mimi.

Moyo wangu ukalainika. Nikamuuliza alijuaje.

"Kiuno chako nakijua," akasema. "Wewe unaanzia kulia. Yule alianzia kushoto."

Nikatabasamu moyoni, mpumbavu mimi. Halafu swali likanijia. Nikamuuliza aliiona lini hiyo video.

Jumatano. Kaka yake alimtumia kabla hata ya kunipigia simu.

Yaani alijua Jumatano. Akala Alhamisi, akalala Ijumaa. Jumapili akapiga pasi shati, akaendesha gari, akanipeleka mwenyewe, akakaa pembeni yangu akisikiliza wakininyang'anya kazi, huku anajua.

Nikamuuliza kwa nini. Akashika usukani kwa mikono miwili.

"Sasa ningemwambiaje kaka?"

 

Vikao vya ukoo siku hizi havipo. Mwenyekiti bado anakohoa, ila hakuna kinachofuata. Dada amehamia darasa la Jumamosi, mkono umeanza kupita sikio kidogo. Pazia langu la machungwa na kijani liko madukani, na mchoro wa pili uko mezani.

Mume wangu tunaishi naye. Nampikia, namsalimia, namwitikia. Ila huyu ananyumbulika mno mbele ya kaka yake, ni mdogo wake kabla ya kuwa mume wangu, kwa hiyo kuna jina nimembadilishia, na watu wakilisikia wanadhani nimekosea.

Namwita Shemeji.

Nililojifunza ni hili, ulichukue au uliache. Mwenyekiti hamjui mkewe, na hilo ni la kudharauliwa, lakini mtu asiyejua anaweza siku moja kufumbuliwa macho hadharani, akaona aibu, akaanza upya. Wa kuogopa ni yule anayekujua mpaka upande unaoanza nao kucheza, halafu watu wakikuzulia, anatazama viatu vyake.

Huyo hakuna atakayemfundisha kitu. Alishajua.