Mtandio wa Mwalimu

Bandari ya Matrah, huku Uarabuni, ilipoanza kujengwa, jirani yetu alikuwa Mgiriki, msimamizi wa wapiga mbizi. Mkewe alisikia kwamba sisi tuliotoka Unguja tuna Kiingereza, akaja kumwomba mama nikawafundishe kutamka wanawe wawili, msichana na mvulana. Nilikuwa kigori mwenye elimu ya skuli ya msingi tu, na haya zangu zilijulikana mtaa mzima. Mama alikubali yeye, maana alijua kunisubiri mimi nifungue mdomo kungetufikisha Ijumaa.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Bibi mmoja wa Kiingereza alikuwa akisomesha watoto nyumbani kwake, lakini hakupokea mtoto ambaye maneno yake hayaeleweki. Wakikataliwa, mama yao angerudi nao Ugiriki, baba abaki peke yake na wapiga mbizi wake.

"Th" kwao ilikuwa rahisi kama kunywa maji, kama kwetu. Shida ilikuwa "sh". Fish ilikuwa fis, shop ikawa sop. Nikawapeleka uani kwetu wakafukuze kuku: shh, shh. Kuku walikonda, lakini sauti ilipatikana.

Siku ya mtihani nilifuatana nao. Bibi akamtaka msichana aseme fish. Msichana akainamisha kichwa, akavuta ukosi wa gauni mpaka puani, ndipo akasema. Mvulana akapandisha shati, kitovu nje, akajiziba mdomo, akasema shop.

Bibi akauliza kama wanaumwa meno. Mama yao akanigeukia. Nami, kama kawaida yangu mbele ya watu, nilikuwa nimeshika pindo la mtandio mbele ya mdomo. Hivyo ndivyo watoto walivyoniona nikitamka kila siku.

"Mwalimu," mama yao akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, "teremsha nguo, wakuone."

Masikio yaliniwaka moto. Nikateremsha, nikasema fish, meno yote hadharani. Watoto wakanikodolea macho. Nadhani hawakujua kama mwalimu wao ana mwanya. Wakaachia nguo zao, wakasema fish, safi kabisa, huku wakipunga mikono kama wanaofukuza kuku.

Bibi akawapokea. Jioni baba yao alituletea kapu la samaki, na mama akanisukuma mlangoni nikashukuru. Nilishukuru kwa mdomo wazi, ingawa mkono ulikuwa tayari njiani.