Jina Asilolitaja Mama

Tuliondoka Samuye saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu ya kiherehere cha dada yangu, Mama Neema wa Geita. Aliamua kwamba mama yetu anapoteza kumbukumbu, eti kwa vile alitia chumvi kwenye chai mara mbili. Alitaka mama aache nyumba na ng'ombe wake akaishi naye mjini. Mimi, mwalimu mstaafu ninayekaa na mama, nilikataa katakata. Mwisho tukakubaliana. Geita walikuwapo watafiti wanaolinganisha ubongo wa wazee wa machimboni, waliovuta moshi wa zebaki, na ubongo wa wazee wakulima. Wampime mama, akishindwa, anahama.

Isaka tulikwama nyuma ya msururu wa malori. Mama akauliza tunakwenda wapi, nikamweleza. Kahama akauliza tena. Nikasema moyoni, ni uchovu wa safari.

Geita, saa nane mchana. Nilitarajia mitambo, nikakuta binti mwenye koti jeupe, meza ya plastiki na karatasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Hapa tupo ghorofa ya ngapi?"

Mama akamtazama kwa huruma. "Nyumba hii haina ghorofa. Wewe mwenyewe u mzima kweli?"

Nilicheka waziwazi. Watu wamesoma mpaka wanauliza ghorofa chini ya bati!

Kisha binti akamsomea kisa ili akirudie: Masanja alikwenda mnadani, akanunua mbuzi wawili na jembe.

"Yule bwana alikwenda mnadani," mama akasema, "akanunua mbuzi wawili na jembe."

"Bwana gani, bibi?"

"Huyo huyo."

"Jina lake?"

Mama akainamisha macho. Binti akaandika sifuri.

Hapo nikamvaa. Masanja ni jina la marehemu babu yangu, baba mkwe wa mama, na mama alifunzwa kwao kwamba jina la mkwe halitamkwi. Hajalitamka tangu aolewe. Hata kaka yangu aliyerithi jina hilo, mama humwita "Baba". Utafiti gani huu usiojua hata adabu za watu unaowapima?

Binti akaomba radhi, akafuta sifuri. "Lakini Mwalimu, bibi hakumbuki kama amekula leo. Mrudishe baada ya miezi sita."

Nikamwambia akampime bibi yake. Tulilala kwa dada, nami nilifurahia ushindi wangu njia nzima ya kurudi.

Kesho yake saa tisa alasiri tukashuka Samuye. Mama alisimama uani, akatazama zizi, akaita kwa sauti kubwa, "Masanja! We Masanja, ndama wametoka!"

Zizi lilikuwa limefungwa.

"Unamwita nani, mayu?"

"Baba mkwe wangu. Mbona haitiki?"

Nilisafiri mpaka Geita kumfundisha yule binti namna ya kumpima mama. Kipimo changu kilikuwa sahihi kuliko chake, na mama alikuwa ameshindwa mbele yangu. Nikampigia dada simu, nikamwambia atayarishe chumba.