Luka na Bibi wa Ng'ambo ya Kagera

Jumamosi ile tulikuwa juu ya paa la mama mmoja mjane, nje kidogo ya mji wa Iringa, tukimwezekea nyumba kabla mvua hazijaanza. Mimi nilitoka kwetu Iyunga kuja kujifunza useremala, na Luka ndiye aliyenipokea. Alinipa kitanda chake nyumbani kwa mama yake, yeye akalala chini. Alikuwa Mlutheri wa kimyakimya. Sikumsikia akihubiri hata mara moja, lakini kila Jumamosi alikuwa na kazi ya mtu asiyeweza kumlipa. Mama yake alituletea chai, akasimama pale chini akitukemea tusije tukaanguka.

Haukupita muda, redio ikatangaza vita. Sote wawili tulikuwa tumepitia mafunzo ya mgambo, tukaitwa. Mama yake alitufungia karanga za kukaanga, akasema, "Mle pamoja." Hakulia mbele yetu.

Tulivuka mto Kagera mvua ikinyesha. Vijiji vya upande ule vilikuwa vimechomwa, migomba imekatwa, ng'ombe wameswagwa. Tulichimba mahandaki kando ya kijiji ambacho watu wake wote walikuwa wametoweka, isipokuwa bibi mmoja aliyebaki katika kibanda chake cha jikoni. Miguu ilikuwa imemvimba, hakuweza kutembea. Wanawe walikimbia, au walichukuliwa. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, hatukumwelewa vizuri.

Luka alianza kumpelekea nusu ya chakula chake. Hakumpa mabaki, aligawa kabla hajaonja. Alimchotea maji, akamwosha vidonda vya miguu. Yeye mwenyewe alikonda mpaka mkanda ukampwaya. Nilimwambia aache, safari bado ndefu na nguvu atazihitaji. Kesho yake aligawa tena. Kamanda wetu naye akamwita.

"Wenye njaa huku ni wengi. Utawalisha wote?"

"Wote siwawezi, afande. Huyu mmoja namweza."

Kamanda alimtazama, akaondoka.

Asubuhi moja mizinga ilianza tukiwa tunakunywa uji.

Tulikimbilia mahandakini.

Luka alikimbia upande mwingine.

Nilimwita. Alisikia, maana aligeuza kichwa, kisha akaingia kibandani. Alitoka amembeba bibi mgongoni, mikono ya bibi imemkaba shingo. Walifika ukingoni mwa handaki. Alimshusha, nikampokea. Hakuwa na uzito wowote.

Luka hakuwahi kushuka.

Mizinga iliponyamaza, bibi alivua shuka alilojifunika, la pekee alilokuwa nalo, akanionyesha kwa ishara tumfunike Luka nalo. Tulimzika hapohapo. Mchana ule amri ilitoka ya kusonga mbele. Nilimwachia bibi maji na mgao wangu wa siku. Tulipoondoka alikuwa ameketi kando ya udongo mbichi. Sikumwona tena.

Vita vilipokwisha nilipita Iringa kabla ya kwenda kwetu. Mama yake Luka alikwisha kupewa taarifa, lakini alitaka kusikia kwangu.

"Kamwene, mama," nilimwamkia kwa kilugha chao.

"Kamwene, mwanangu. Keti. Nieleze alivyokufa."

Nilimweleza yote. Alisikiliza akichambua maharage, na mikono haikusimama mpaka nilipofika kwenye shuka.

"Huyo bibi, mlimwacha na nani?"

"Peke yake, mama."

Aliyasogeza maharage kando.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kutoa," akasema. "Tangu mdogo. Nilimwambia anayetoa Mungu hamwachi mikono mitupu." Akaitazama mikono yake. "Sasa ona."

Sikuwa na jibu. Leo mimi ni mzee wa kanisa Iyunga, na bado sinalo. Watu huniambia Luka alipata taji lake. Huenda. Ninachojua ni kwamba mama yake alizeeka bila mtoto, na kwamba sijui kama yule bibi aliifikia jioni ya siku ile. Wema wa Luka ndio uliomuua. Neno hilo sijapata namna ya kulisema kanisani.

Siku ile niliyopita Iringa, mama alibandika sufuria. Chakula kilipoiva alinipakulia mimi kwanza. Kisha akajaza sahani nyingine, akaifunika, akatoka nayo kumpelekea jirani aliyekuwa mgonjwa. Aliporudi aliketi mbele yangu, akaniangalia nikila.

Yake hakupakua.