Tangawizi ya Mama Mdogo

Siku niliyopanda milimani kwetu Bombo mwaka huu nilikuta kijiji kizima kiko kwenye msaragambo. Kwetu Upareni wito ukitoka, kila kaya inatoa mtu na jembe lake, na siku hiyo walikuwa wanaondoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Nikakunja suruali nami nikaokota jembe. Mwenyekiti wa kijiji akanipokonya kwa heshima zote. Alisema mtaalamu wa redioni asichafuke, akae pembeni anywe chai.

Msaragambo hauna mkubwa. Mchungaji anachimba, mwalimu mkuu anachimba, na asiyetokea anatozwa faini. Mimi nikawekewa kiti! Watu niliosoma nao darasa la kwanza wamezama kwenye tope mpaka magotini, mimi nimeshika kikombe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana nilijua maneno niliyoyasema redioni yalivyopikwa.

Nafanya kazi Dar es Salaam, kwenye taasisi inayochambua sera za nje: namna nchi inavyoishi na majirani na kufanya nao biashara. Ofisi ina viyoyozi, na kila saa nne tunaletewa chai na sambusa. Mwaka jana tulipewa kazi ya kuchunguza biashara ya mazao kati yetu na Kenya. Aliyeilipia ni kampuni ya ng'ambo iliyotaka kujenga kiwanda cha viungo na kuwa mnunuzi pekee wa tangawizi ya milimani. Mimi niliandika nilichokijua tangu utotoni, kwamba wanunuzi kutoka Kenya wanaopanda mpaka shambani ndio wanaomwokoa mkulima, wasifungiwe njia.

Rasimu ikarudi. Hakuna aliyeniambia nidanganye, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwa sababu angeniambia ningegomba. Mkurugenzi alisema tu kwamba mfadhili ana wasiwasi kidogo na ile sehemu, halafu akaulizia watoto wangu wanaendeleaje shuleni. Basi! Nikarudi mezani, na kwa mkono wangu mwenyewe nikaigeuza. Ikasomeka kwamba wanunuzi wa nje wazuiwe, mkulima avumilie, soko la uhakika linakuja. Kisha nikaenda redioni kuyasema hayo kwa sauti nzito, mtu mzima nisiye na haya.

Pale ndivani walinihadithia mambo ya siku niliyosema redioni wakidhani wananifurahisha. Walikuwa kwenye msaragambo kama huu. Mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alisimamisha kazi. Aliweka simu juu ya tuta, akafungulia redio, akawaambia watu watue majembe wamsikilize mwanawe. Muda si mrefu gari la mnunuzi kutoka Kenya likapanda, na wenzake wakauza kimyakimya. Yeye alilirudisha. Alisema hawezi kumwaibisha mtoto aliyesimama mbele ya nchi nzima akasema tusubiri.

Nikaweka kikombe chini, nikaenda kumtafuta.

Nilimkuta shambani, maana kwenye msaragambo alikuwa ametuma mtu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinipangusa vumbi begani kama nilipokuwa mdogo. Hakulalamika. Alichimbua shina moja akanionyesha. Mvua zilikuwa zimeikuta tangawizi bado ardhini, ikaoza, na ukiiminya inatoa maji yenye harufu mbaya. Shamba lote lilikuwa hivyo, na kiwanda hakikuonekana hata msingi wake. Mabati ya jikoni aliyokusudia kuyabadilisha kwa mavuno yale yalikuwa bado yaleyale, na alikuwa ametandika turubai juu yake.

Akaniuliza, taratibu kabisa, "Yale maneno ya redioni, mwanangu, yalikuwa yako?"

Nikaona njia mbili tu, na zote zinanuka. Nikisema yangu, basi ni mimi niliyemwozeshea shamba. Nikisema si yangu, basi mtoto aliyesimamishiwa msaragambo ni mdomo wa kukodi. Nikachagua ile iliyoniachia heshima kidogo.

"Yangu, mama mdogo."

Uso wake ukachangamka. Nawaambia, ulichangamka kweli. Alisema alijua tu, na kwamba watu wameanza kumcheka, lakini sasa amepata la kuwajibu. Atapanda tena, na safari hii atawashika majirani wasiuze mpaka kiwanda kije.

Hapo nikavunjika. Nilimshika mkono uliojaa udongo, nikamwambia, "Usisubiri. Gari la Kenya likija, uza siku hiyohiyo. Waambie na wenzako wauze."

Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Kwa hiyo hayakuwa yako," alisema.

Akauchukua mkono wake, akainama, akaendelea kuchimbua tangawizi iliyooza.