Homa Niliyoiandika kwa Mkono Wangu

Shemeji yangu alianza kwa kulalamika kwamba jua limefifia. Ilikuwa mchana wa kiangazi, jua la Mbozi likichoma hata kuku wamejificha chini ya ghala. Dada yangu alidhani anatania. Kufika jioni mume wake alikuwa akipapasa ukuta, akitafuta mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Siku ya pili tumbo lilimkata, akawa anahema kama mtu aliyepandishwa mlima mbio. Siku ya tatu tulimzika.

Alikuwa wa nne kijijini kwetu wiki ile. Wote walikunywa moshi, ile pombe kali inayopikwa kwa pipa na bomba, na wote walikunywa kwa mpishi mmoja, ambaye alikuwa ameichanganya na spiriti iliyoibwa katika stoo ya mzungu mwenye shamba la kahawa. Hapakuwa na siri. Mpishi mwenyewe alishavuka mpaka pale Tunduma, akajificha kwa ndugu zake upande wa pili, kabla hata hatujamaliza kuchimba kaburi la kwanza.

Mimi ndiye niliyekuwa karani wa baraza la chifu. Nilisoma misheni, nilikuwa na mwandiko mzuri, na miongoni mwa kazi zangu lilikuwa daftari la vifo. Jina, kijiji, umri, sababu. Kila mwezi ulipokwisha nilinakili orodha, tarishi akaibeba kwa miguu hadi bomani, kwa Bwana Shauri, ofisa wa serikali wa wilaya. Boma lilijumlisha na kupeleka jimboni, na jimbo likapeleka Dar es Salaam. Tuliambiwa kwamba huko serikali inajua watu wa Tanganyika nzima wanakufa kwa nini. Niliamini. Tena niliona fahari, mjinga mimi.

Kwa wale wanne niliandika: pombe ya moshi.

Orodha ilirudi. Maneno yangu yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake kulikuwa na karatasi iliyopigwa taipu: homa, kifua, kuhara, ndui, uzazi, uzee, ajali. Chini yake, amri kwamba karani achague humo humo, na saini.

Nikaipeleka kwa chifu. Aliisoma polepole, akanirudishia.

"Moshi ni marufuku," alisema. "Ukiandika watu wanne wamekufa kwa moshi, nitaulizwa mimi nilikuwa wapi. Na Bwana Shauri ataulizwa yeye alikuwa wapi. Andika homa."

"Chifu, mmoja ni shemeji yangu."

"Najua. Niliketi matangani kwako. Andika homa. Homa haina mwenyewe."

Nikaandika homa, mara nne. Sikukosea hata herufi moja, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Mzee aliyevimba tumbo kwa miaka ya kunywa, homa. Aliyetumbukia mtoni amelewa, ajali. Mwanamke aliyepigwa na mume mlevi hadi akakata roho, hata yeye nilimwandika ajali, kwa mwandiko wangu ule mzuri.

Mvua zilipokwisha, lori la serikali lilifika barazani likiwa na makasha ya kwinini. Bwana Shauri alikuja nalo, kijana wa Kiingereza mwenye Kiswahili safi, amefurahi kabisa. Watu waliitwa, wakakaa chini. Akasimama mbele yao.

"Hesabu zenu zimeonyesha kwamba homa imezidi sana upande huu," alisema. "Serikali imeona, na serikali imeleta dawa."

Dresa, yule mhudumu wa zahanati yetu, ambaye alikuwa amewahangaikia wale wanne bila hata mpira wa kuoshea tumbo, alinitazama mara moja tu, kisha akatazama pembeni.

Dada yangu alisimama. Alikuwa amekaa na wajane wenzake watatu.

"Bwana, homa ya nani?"

Bwana Shauri hakuelewa. Dada akanigeukia mimi. Siku zote aliniita mdogo wangu. Siku ile hakuniita hivyo.

"Karani, fungua daftari. Soma jina la mume wangu."

Nilisoma.

"Sababu?"

"Homa."

"Nilimshika kichwa siku tatu," alisema, sauti ikipanda. "Mwili ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na macho hayaoni. Kwinini hii ingempa macho? Na hawa wenzangu, waume zao nao walikuwa na homa?"

Wale wajane wakasimama mmoja mmoja. Kila mmoja alitaja mume wake, akataja moshi. Chifu aliangalia viatu vyake.

"Karani, ni kweli?" Bwana Shauri aliniuliza.

"Niliandika kweli mara ya kwanza, Bwana. Ikarudishwa."

"Na nani?"

"Saini ni yako, Bwana."

Uso wake uliiva. Akasema, safari hii kwa sauti ya chini, "Fomu inatoka makao makuu. Haina mahali pa pombe."

"Basi mume wangu hakufa?" dada akauliza.

Nikachukua kalamu, nikakata homa zile nne mbele ya macho yao, nikaandika pombe ya moshi juu ya kila moja. Bwana Shauri aliniona. Hakunizuia. Majuma mawili baadaye barua yake ilifika: nimeachishwa kazi kwa kuharibu kitabu cha serikali.

Nilihamia kijiji cha Ruanda, huko huko Mbozi, nikapanda kahawa. Karani aliyenifuata aliandika kama alivyoamriwa. Mzungu wa shamba aliweka kufuli kwenye stoo yake. Sikuona kingine kilichobadilika. Mpishi alirudi baada ya mavuno mawili, akawasha moto pale pale, na watu wakapanga foleni.

Sasa huwa nafikiria jumla zile za Dar es Salaam. Kama baraza letu dogo lilidanganya hivi, mabaraza mengine mangapi yalidanganya, na nchi nzima ilikuwa ikisoma nini ikadhani ni habari za watu wake? Walevi wetu walikufa, wake zao wakafa kwa ngumi zao, na kitabu kikasema mbu, kikasema ajali.

Dada yangu hakuwahi kunishukuru. Nilimwuliza mara moja tukipalilia kahawa yangu, kwa nini.

"Kwa sababu uliandika ukweli baada ya mimi kukuaibisha," alisema, bila kuinua kichwa. "Kabla ya hapo ulikuwa umemwua mara ya pili."

Tuliendelea kupalilia, kila mtu mstari wake.