Mkia Uliobaki Wazi

Watoto wa dada yake walimwita Mjomba Chura, na jina likamkaa, maana kazi yake ilikuwa kuzama baharini kuchunguza mabaki ya ndege za kivita. Majirani walimcheka: mtu mzima analipwa kupiga picha vyuma chakavu! Wacheke tu. Mama yake hakucheka hata siku moja.

Mama alizaliwa baba yake akiwa keshapotea vitani na ndege yake. Ndege mbili za aina moja ziliangukia ghuba ile alimofanya kazi mwanawe, na moja tu ndiyo ilikuwa ya babu. Cha kuzitofautisha kilikuwa namba iliyopakwa rangi mkiani, basi.

"Nataka nijue alipolala," mama alizoea kusema akimmiminia chai. "Nikishajua, nitatulia."

Siku alipoupata mkia wa mojawapo, nyingine ikiwa haijapata kuonekana, Chura aliupepea mchanga kwa kiganja, polepole, kama anayefukuza nzi usoni mwa mtoto aliyelala. Rangi ikatokea. Saba. Lo, namba za ndege zote mbili zilianza na saba! Akapepea tena, maji yakavurugika asione hata vidole vyake, na hewa ya mtungi ilikuwa inakwisha. Akapanda juu. Kesho maji yatakuwa yametulia, alijiambia, nitasoma vizuri. Kwa pupa ile hakurudishia mchanga, jambo ambalo yeye mwenyewe huwafokea wanafunzi wake wakilisahau. Bati la ndege huliwa na chumvi likabaki jembamba kama karatasi, na mchanga ndio unaolishikilia.

Alfajiri bahari ikachafuka, ikachafuka wiki nzima. Chura alishinda ofisini katikati ya mabeseni ya vyuma vilivyolowekwa vitoke chumvi, macho dirishani, hana la kufanya. Aliposhuka tena alikuta mbavu za ndege tu. Mkia ulikuwa umemeguka na kusombwa. Aliupapasa mchanga mpaka mzamiaji mwenzake akamvuta mkono. Hakuwahi kujiona mtu bure kama siku ile.

Jikoni alimweleza mama yote, hakuficha kitu. Alingoja afokewe, angeshukuru kufokewa. Mama alizima jiko kwanza.

"Kwa hiyo hukumfunika, mwanangu?"

"Sikumfunika, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akamimina chai, akamsogezea kikombe, na tangu siku hiyo hajauliza tena habari za bahari.